Siku Tatu za Barabara Safi

6 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Miguu ya Mama vipi, bado inavimba ikifika jioni? Mimi sijambo, ila mafua ya ofisini. Dirisha la chumba chetu halifungi, na mkuu wa kitengo anasema tushukuru, hewa ni ya bure.

Uliniuliza kama ni kweli mabasi ya dizeli yataondolewa. Ni kweli. Kwa njia yenu mwisho ni tarehe 30 Juni, kwa sababu ya moshi. Badala yake itakuja reli. Panapowekwa kituo cha treni serikali itajenga nyumba mpya, zahanati itabaki na shule itaongezwa madarasa. Ndio huo Mpango wa Kufufua Mikoa unaousikia redioni. Lakini treni haiwezi kusimama kila mahali. Kati ya mji wetu na mji wa viwanda, mmoja tu ndio utapewa kituo. Wa pili utaachiwa njia ya miguu na baiskeli.

Naomba sana kiwe kwetu. Mama atapanda treni hapo kwenye njia panda na baada ya mwendo wa saa tatu atakuwa sebuleni kwangu. Miaka sita sasa namwona kwenye picha tu, na kwenye picha hataki kucheka.

Nikunong'oneze jambo, na libaki kwako. Tarehe 17 hadi 19 mwezi huu watakuja watu watatu kutoka Wizarani, idara ya usafiri na mazingira. Watakaa njia panda ya soko kutwa. Wanakuja kufanya nini siwezi kusema, niliweka sahihi kwenye hati ya siri. Ila wapokeeni vizuri, mengi yanategemea siku hizo tatu. Wewe ni mtu wa akili, utajua la kufanya.

Nisalimie Mama mara mbili, maana ya kwanza huwa haisikii.

Mdogo wako

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama ukimuuliza hali anakwambia hajambo, ukimuuliza tena anakutajia panapouma. Mafua yako yafukize, na dirisha liwekee kipande cha boksi. Wizara nzima mmekosa boksi?

Sasa kaa vizuri nikupe habari za wageni wako.

Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nasimamia wafagiaji wa mji huu, na serikali kuu haijawahi kuniomba chochote. Kwa hiyo mnong'ono wako niliupokea kama amri. Siri yako niliitunza. Nilimwambia mwenyekiti wa soko peke yake, naye hakumwambia mtu, alitangaza kwa kipaza sauti. Usiogope, jina lako sikumtajia. Alisema, "Wanakuja wakubwa wa mazingira, atakayetuchafulia ajue mimi na yeye basi."

Mdogo wangu, ungeuona mji! Vijana wangu walizibua mitaro hadi tukakuta jiwe la msingi lililowekwa na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Mawe ya pembeni mwa barabara tukayapaka chokaa. Soko zima tulilihamishia uwanja wa nyuma ya shule kwa siku tatu. Wenye mikokoteni nikawaambia, "Njia panda siwaoni, piteni njia ya mtaroni." Wanafunzi nao mtaroni. Wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, mtaroni. Abiria wa basi tuliwapandishia nyuma ya ghala. Wachuuzi wa ndizi walinung'unika, mmoja akaniuliza kama nimeoa barabara. Nikamwambia mke gani huyo, kila siku namfagia na bado hanishukuru.

Basi wageni wakafika. Wawili wanaume na mwanamke mmoja, viti vya kukunja, mwavuli mkubwa. Kijana mmoja alishika kidude cha chuma, kimejaa kiganjani kama saa ya mfukoni, kina kitufe cha kubonyeza. Nilikaa ng'ambo na ufagio wangu nikimtazama kwa jicho la pembeni. Akipita mtu, tik. Halafu kimya, hata robo saa. Nikajua hicho kinapima vumbi. Kila apitaye hutimua kidogo, ndio hiyo tik. Siku ya kwanza zilikuwa nyingi kidogo, nikaona aibu. Siku ya pili nikasimamisha vijana wangu kwenye kila kona wazuie watu, na hata mimi nikawa natembea kwa vidole. Siku ya tatu kidude kilikaribia kulala usingizi. Yule mwanamke akaniuliza, "Mzee, siku zote huku kuko hivi?" Nikamjibu kwa fahari yote, "Siku zote, mama. Huku ni hivi hivi mwaka mzima."

Akaandika. Niliona kwa macho yangu akiandika.

Walituaga vizuri, wakatuambia hawajawahi kufanya kazi mahali patulivu kama hapa. Mama ameshaanza kuuliza treni ina ngazi ngapi, na kama ina pa kushika.

Kaka yako

*

20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Barua yako nimeipata. Mmefanya kazi kubwa mno, na mimi nashukuru.

Huku kazi zimetubana, siwezi kuandika mengi. Mwambie Mama asiifikirie sana treni kwa sasa. Mambo ya serikali huchukua muda. Anyanyue miguu juu ya mto anapolala.

Mdogo wako

*

4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tunapumua. Barua yako iliyopita ilikuwa fupi kama risiti, nikasema moyoni huyu binti anaumwa au ana mchumba. Lolote kati ya hayo, pole.

Juzi tarehe 2 wamebandika tangazo kwenye mlango wa halmashauri. Nililisoma mara ya kwanza kwa sauti, watu wakasikiliza. Mara ya pili nikalisoma kimya. Kituo kimepewa mji wa viwanda. Sisi, limesema, "hatukufikia kiwango cha matumizi." Nyumba mpya zitajengwa kule. Zahanati itahamia kule kabla mwaka haujaisha. Anayetaka kuhama atasaidiwa kuhama, na anayebaki anatakiwa heri.

Unajua, jina la mpango huu lilinitia shaka tangu mwanzo. Anayefufuliwa ni maiti. Kabla hujafufuliwa lazima mtu aje akuthibitishe umekufa. Lakini sisi tulikuwa hai, mdogo wangu, na tumepakwa chokaa.

Mama amekaa mlangoni na viatu amevaa. Nimemwambia mji wa viwanda si mbali, ni kilomita kumi na tisa tu. Akaangalia miguu yake, kisha akaniangalia mimi.

Sasa sikiliza. Tangazo linasema anayepinga aandike ndani ya siku thelathini, aeleze "kasoro ya takwimu." Takwimu zipi? Walihesabu lini? Hapa hajaja mtu mwingine zaidi ya wale wapima vumbi. Wewe uko ndani ya nyumba, tuambie tu mlango uko upande gani. Mwenyekiti wa soko yuko tayari kuandika hata leo, tatizo ni hatujui tuandike nini.

Nijibu upesi.

Kaka yako

*

22 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Sijapata jibu, labda barua zimepishana njiani.

Tumejaza fomu ya pingamizi. Sahihi mia sita na kumi na moja, na za dole gumba hamsini. Pale panapouliza kasoro ya takwimu tuliketi jioni mbili. Mwalimu mkuu alitaka tuandike "haikubaliki." Kinyozi akataka tuandike matusi, lakini kwa lugha ya heshima. Mwisho tumeandika kwamba mji wetu ni msafi na una watu wengi wenye tabia njema. Nilipoisoma tena nikaona tumeandika barua ya posa.

Nimesikia fomu isiyo na sababu maalumu hutupwa. Zimebaki siku kumi. Sababu moja tu tunatafuta. Kama hati yako ya siri inakubana, niandikie neno moja, mengine nitayaunga mwenyewe.

Kaka yako, anayesubiri

*

6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui kama leo utaipokea. Najua hamko vizuri, kwa hiyo sitawauliza hali. Mimi ndiye sababu.

Kile kidude hakipimi vumbi. Kinahesabu watu. Kila mtu anayepita ni tik moja. Siku zile tatu, Wizara ilikuwa inahesabu ni watu wangapi wanaitumia njia panda yenu, ili ijue kama mji unastahili kituo. Kiwango ni watu elfu mbili kwa siku. Mji wa viwanda ulipata elfu mbili na mia tatu. Ninyi mlipata themanini na saba siku ya kwanza, arobaini siku ya pili, na siku ya tatu kumi na wanne. Kijana wa kidude alileta karatasi akicheka, akasema kule kuna mzee mmoja anatembea kwa vidole.

Niliipata barua yako ya Machi nikiwa kazini. Niliisoma nimesimama. Niliposoma kwamba mmewapitisha watu wote mtaroni, nilielewa kila kitu. Maelfu walipita nyuma ya migongo ya wahesabuji, kwa amri yako, kwa sababu yangu. Laiti ningekaa kimya kabisa tangu mwanzo, wangekuta soko, mikokoteni, wanafunzi na kelele, na tungeshinda bila jasho. Au ningesema yote. Mimi nikasema nusu.

Lakini hilo silo baya zaidi, na ninakuandikia ili nikuambie lililo baya zaidi. Hesabu ikiharibika hurudiwa. Ilitakiwa mtu mmoja tu aandike, ndani ya zile siku thelathini, kwamba barabara ilifungwa siku ya kuhesabu. Mistari miwili ingetosha. Wangeuliza, kwa nini ilifungwa? Mngejibu mlijua wageni wanakuja. Wangeuliza, nani aliwaambia?

Barua zako zote mbili za Aprili nilizipata. Kila siku asubuhi nilisema nitajibu mchana. Siku thelathini ziliisha tarehe 2 Mei. Leo ni tarehe sita, na mkono wangu umepata nguvu leo. Fomu yenu niliiona mezani, imegongwa muhuri wa "haina sababu." Sahihi ya Mama niliijua, dole gumba lake limepinda.

Sina la kuomba.

Mdogo wako

*

29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako, kwani salamu haina kosa. Mama anaendelea hivyo hivyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakwenda njia panda. Kila siku nikimaliza zamu ya alfajiri nakaa palepale walipokaa, ng'ambo ya ghala, nahesabu. Sina kidude, natumia kokoto, naziweka mfuko huu na kuzihamishia mfuko ule. Jumanne niliishiwa kokoto saa nne asubuhi. Wapo wengi, mdogo wangu. Sikuwahi kujua tuko wengi hivi, maana ukifagia unatazama chini.

Watu wameniuliza ilikuwaje. Niliwaambia. Nilisema yule msimamizi mpumbavu aliona kidude akadhani kinapima vumbi, akawaficha watu wake wote mtaroni. Hawakuniuliza nilijuaje wageni wanakuja, maana kosa langu lilikuwa kubwa kiasi cha kutosha. Kinyozi alicheka mpaka akaacha kunyoa. Halafu aliacha kucheka, akaniambia, "Una bahati una nywele chache." Tangu siku hiyo mwenyekiti wa soko ananisalimia kwa kidevu. Wachuuzi hawanitanii tena. Hilo la kutotaniwa ndilo linaniuma kuliko yote. Mtu akiacha kukutania, ujue amekuhamisha moyoni.

Mama hajui kuhusu wewe. Anajua tu kuhusu mimi, na amenisamehe kwa mdomo.

Nikwambie kitu kimoja kisha niache. Kwa barua yako ya Februari sina kinyongo. Ile uliiandika kwa mapenzi, na mimi nikaisoma kwa ujuaji, tumekosea wote wawili. Nimejaribu pia kuwa na hasira na barua yako ya Mei, nikashindwa, maana ina ukweli. Barua inayonitoa usingizini ni ile ya Aprili, ambayo haikuja. Nilikwenda posta siku tisa kuifuata. Yule wa posta alifikia kunihurumia, akawa ananionyesha sanduku tupu kabla sijauliza. Wewe ulikuwa umeikalia ile mistari miwili.

Nilikubeba mbele ya baiskeli kwenda shule, miaka minne, mvua na jua. Siyasemi haya kukudai. Nasema tu nilidhani namjua niliyembeba.

Kaka yako

*

17 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini Mama amelala vizuri wiki hii, na wewe pia.

Nimekwenda kwa mkuu wa kitengo nikamwambia yote. Kusema kweli, nilisema haraka ili nisibadilishe mawazo, akaniomba nirudie polepole. Aliuliza kama nimeandika. Nikampa karatasi. Akaigonga muhuri wa "imepokelewa," akasema muda wa pingamizi umepita na mkandarasi ameshaonyeshwa eneo. Hakunifukuza. Amenihamishia stoo ya ramani za zamani, ghorofa ya chini. Nakaa na ramani za miji ambayo haipo tena. Baadhi ilikuwa na majina mazuri sana.

Sikuwa na ujasiri, Kaka, usije ukaniwazia hivyo. Nilisema wakati kusema hakugharimu tena kitu kikubwa.

Nimekata tiketi ya basi la mwisho, la tarehe 30. Nataka kumwona Mama. Nikubalie.

Mdogo wako

*

22 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama.

Nyumba ni ya mama yako, huhitaji kibali changu. Ila ukija, usije kama mgeni wa Mama tu. Jumamosi watu hukaa sokoni kujadili nani anahama na nani anabaki. Familia kumi na nne zimeshajiandikisha, na kinyozi yumo. Njoo usimame pale useme kwa mdomo wako. Mimi nimebeba upande wangu na upande wako, na mgongo si wa kijana.

Hawatakupiga. Watakuangalia tu. Ni kazi ngumu kuangaliwa, lakini haidumu sana.

Kama huwezi hilo, baki. Mama nitamwambia una kazi nyingi. Nimeshazoea kumwambia hivyo.

Kaka yako

*

3 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandikia kwenye meza ya nyumba ya wageni, mji wa viwanda. Najua mmelala salama, nimemuuliza muuza maziwa anayekuja kutoka huko kwa baiskeli, ameniambia msimamizi wa wafagiaji bado anafagia na mama yake bado anakaa mlangoni. Nilimpa maswali mengi akadhani mimi ni wa Wizara. Nikamwambia ndiyo.

Basi la mwisho nililiona likiondoka. Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Kondakta aliita mara tatu, akaniuliza, "Dada, unasafiri au unasindikiza?" Nikasema nasindikiza. Likaondoka na kiti changu kitupu. Najua ulikuwa umesimama kuliangalia likifika. Najua Mama alivaa viatu. Ulimwambia nini, sitauliza.

Siku ya pili yake nilipanda basi la huku, ambalo bado lipo mpaka reli iishe. Nimekaa siku mbili nikitafuta maneno ya kuanzia Jumamosi, sijayapata. Dirishani naona wanavyochimba msingi wa kituo. Watu wengi wamesimama kutazama, wana furaha, na sikuweza kuwachukia. Mmoja aliniambia wamekisubiri hiki kituo miaka mingi, nao pia walikuwa wanakufa taratibu.

Kesho ni Jumamosi. Magari hayapo, na yule muuza maziwa ameniambia mzigo wangu atabeba lakini mimi hanibebi, kilima kimemshinda. Basi nitatembea. Natoka alfajiri. Kilomita kumi na tisa, nimeziona kwenye ramani mara nyingi, ni upana wa vidole vinne. Usije kunipokea njiani, tafadhali, maana nikikuona nitalia na nitakuwa nimemaliza kila kitu hapo hapo barabarani. Nisubiri sokoni pamoja na wengine. Waambie tu yupo mtu anakuja, ana neno la kuwaambia, wasiondoke mapema.

Mama mwambie ukweli wangu leo jioni, asiusikie kwa watu. Mwambie taratibu, kisha mwache aseme atakachosema.

Barua hii nimempa muuza maziwa, itanitangulia. Ikifika saa kumi bado hamjaniona, ujue nimekaa chini mahali nikipumzika. Sijarudi.

Mdogo wako